Maelezo ya Ndugu Anayeishi Mbali

6 Machi

Mdogo wangu Fundi,

Naanza kwa kukujulia hali, na najua utacheka, maana miaka mingi imepita bila kukujulia. Macho yanaendeleaje? Tulipoonana mara ya mwisho, kwenye msiba wa mwanangu, ulikuwa unasoma salamu za rambirambi umeishika karatasi mbali kama mtu anayeogopa itamng'ata.

Huku tupo. Mwanangu, kama ujuavyo, hakuacha mtoto. Aliacha mke, na huyo mkamwana ndiye niliyebaki naye. Unakumbuka nilivyompinga siku alipoletwa nyumbani. Nilisema msusi hatatufaa kitu. Msusi huyo sasa ndiye anayeniinua, ananiogesha, ananibadilisha nepi za watu wazima. Saluni yake aliifunga Oktoba, kwa kuwa huwezi kumsuka mtu saa nne nzima huku mama mkwe amelala peke yake nyumbani. Halalamiki. Ingekuwa nafuu kwangu angelalamika.

Mimi nina hatua sita. Ya saba siiwezi. Daktari anasema moyo umechoka, na jinsi alivyoitazama kalamu yake wakati akisema nimeelewa kwamba mwaka mwingine sitauona.

Sasa nililokuandikia. Upo ule Mpango wa Matunzo ya Nyumbani wa serikali, niliofanyia kazi miaka ishirini na miwili. Mzee akikubaliwa, muuguzi msaidizi huja asubuhi tatu kwa wiki, na mtunzaji wa familia akapata kupumzika au kurudi kwenye shughuli zake. Asipokubaliwa, mtunzaji huchoka, na mzee huishia nyumba ya wazee. Nimezikagua zote hizo nyumba. Sitaki kufia huko.

Fomu ina sehemu ya nne, Maelezo ya Ndugu Anayeishi Mbali. Ndugu wa damu, asiyekaa nyumba moja na mgonjwa, anaandika kwa mkono wake mtunzaji anafanya nini tangu asubuhi hadi kulala. Wa damu niliyebakiwa naye ni wewe. Nakutumia fomu, pamoja na karatasi ya pembeni yenye maneno ya kuandika. Unakili tu, nayajua maneno yanayopendwa na kamati. Mwisho wa kupokea ni tarehe 30 Juni.

Kwa simu nisingeweza. Sikio la kulia limekufa, na la kushoto nashikiwa simu na mkamwana.

Dada yako

---

19 Aprili

Dada,

Bahasha yako imefika salama, haikuchanika popote. Namshukuru tarishi. Mimi nipo. Macho yamefifia lakini vidole bado vinaona. Msimu wa sare za shule umekwisha, sasa nashona mapazia ya zahanati, kazi ya mistari mirefu iliyonyooka, inayomfaa mzee. Chumba cha mama nimekifanya stoo ya vitambaa. Paka amezaa humo, juu ya jora la kijani, na sina moyo wa kumhamisha.

Pole sana kwa moyo. Mpe salamu mkamwana wako. Mwambie namheshimu, na mwambie ni mimi niliyesema hivyo.

Ile karatasi ya pembeni nakurudishia. Umeandika, "Nimeshuhudia kwa macho yangu akimgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili." Mimi sijashuhudia. Na chini ya sehemu ya nne pana sentensi kwa herufi nzito, kwamba atakayeeleza asichokiona amevunja sheria. Uliwahi kuniambia, kwa fahari, kuwa sentensi hiyo uliitunga wewe ulipogundua majirani wanaandikiana.

Fundi nguo hapimi mtu kwa kusimuliwa, Dada Afisa.

Fomu nimebaki nayo. Nimeiweka mahali ambapo haitapotea. Karatasi za familia yetu zina tabia ya kupotea.

Mdogo wako,
Fundi

---

3 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako ilichukua siku kumi na mbili kufika, nami nikachukua siku mbili kuikasirikia. Sasa nimetulia.

Nafurahi paka amepata pa kuzalia. Hapa dari la chumba cha mbele linavuja, mkamwana ametega sufuria mbili. Yule dereva mstaafu wa nyumba ya pili amefariki. Alipatikana siku ya tatu, redio bado inaongea. Tangu hapo mkamwana haufungi mlango wa chumba changu, hata nikimwomba.

Wiki iliyopita alikuja binti wa tathmini, kishikwambi mkononi. Mkamwana alikuwa ameniandaa. "Mama, leo usijikaze. Ukishindwa, shindwa." Nikaitikia. Lakini binti yule alipoingia aliniamkia, akaniita Mheshimiwa Afisa. Kumbe kazini wanasoma mwongozo wenye jina langu. Mgongo wangu ulinyooka wenyewe, Fundi, sikuuagiza.

"Unaoga mwenyewe?"

"Naoga."

Mkamwana akakohoa.

"Na chooni unafika?"

"Nafika."

"Kwa kupitia msaada wa mtu?"

"Kwa kupitia mlango."

Binti akacheka. Akaniomba nisimame. Nikasimama, sijui kwa mifupa ya nani. Nikapiga hatua nane. Nikataja siku na tarehe, na nikamsahihisha jina la sheria alilokuwa amelikosea. Gari lake lilipoondoka nikaporomoka kando ya kitanda. Mkamwana akaniinua, akanifuta, akanifunika. Mwisho akasema, "Umefaulu, Mama."

Maisha yangu yote nimefaulu mitihani. Huu ulikuwa wa kufeli, nikaufaulu. Alama zangu sasa ni za mzee anayejiweza, na binti wa tathmini amemwambia mkamwana mlangoni kwamba kilichobaki cha kutuokoa ni maelezo ya ndugu.

Basi tuache ile karatasi yangu. Andika kwa maneno yako. Si unajua kumtunza mtu kulivyo?

Dada yako

---

27 Mei

Dada,

Sina habari nyingi. Watoto wa paka wamefumbua macho. Mapazia nimeyakabidhi. Sina homa.

Umeandika: "Si unajua kumtunza mtu kulivyo?" Najua. Nilimtunza mama miaka tisa. Mwaka wa pili nilikutumia fomu kama hii, ujaze sehemu ya ndugu. Ukasema haikufika. Mwaka wa tatu nikatuma nyingine. Ukasema nafasi za eneo letu zimejaa. Niliamini, kwa kuwa aliyesoma ni wewe. Mama naye aliamini. Alikuwa akisema, "Dada yako angekuwa na uwezo angefanya."

Fomu yako iko mezani wiki tano sasa. Kila nikishika kalamu, swali linakuja linakaa mbele yake. Lijibu kwanza. Kweli haikufika?

Fundi

---

9 Juni

Mdogo wangu,

Leo utanisamehe kukosa adabu, sitaanza na hali wala mvua.

Ilifika. Ilikuwa Jumanne. Bahasha ya kaki, umeandika jina langu na cheo changu chote bila kosa, na kona umezikunja kama upindo wa nguo. Nilikuwa naibu mkuu wa kitengo. Nilifunga mlango wa ofisi nikaisoma. Sehemu zako ulikuwa umezijaza zote. Palipouliza mgonjwa bado anaweza kufanya nini, uliandika neno moja: "Anacheka." Nimesoma maelfu ya fomu, na jibu kama hilo sikuliona tena.

Sehemu ya nne ilikuwa yangu. Swali la saba linasema: Wewe ndugu unayeandika, unatoa msaada gani kwa mgonjwa au mtunzaji? Swali hilo nililiongeza mimi, ili kuwaumbua watoto wanaoitupia serikali wazazi wao. Nikashika kalamu. Jibu la kweli lilikuwa "Hakuna." Sikuwa nimekuja mwaka mzima. Nilikuwa na mikutano.

Na maelezo ya ndugu, Fundi, siku zile yalikuwa yakisomwa kwa sauti mbele ya kamati ya watu watano. Wote walinifahamu. Wote walikuwa wamenisikia kwenye jukwaa nikisema familia ndiyo kitanda cha kwanza cha mzee. Nikaziona nyuso zao zikigeukiana. Nikajiambia kwamba simtaki mama asomwe pale, haja zake na vidonda vyake, mbele ya wenzangu, na kwamba nalinda heshima yake. Heshima yake wewe ndiye uliyekuwa ukiilinda, kwa beseni na sabuni. Mimi nililinda yangu.

Ningeweza kuandika uongo, kwamba natuma hiki na kile. Sikutaka kudanganya kwenye fomu ya serikali, maana mimi ni mtu wa sheria. Nikaona bora nikudanganye wewe.

Ya pili ilipofika sikuifungua. Nafasi hazikuwa zimejaa. Mwaka ule eneo lenu lilibakiwa na nafasi kumi na nne ambazo hakuna aliyezichukua, na ripoti ya kuzirudisha makao makuu niliiandika mimi. Nilisifiwa kwa umakini.

Nilitaka kusema. Nakuapia nilitaka, mwaka wa nne, na wa tano. Lakini kila mwaka ulioongezeka uliifanya sentensi yenyewe iwe ndefu zaidi, mpaka ikawa haitoshi kinywani. Mama alipofariki nilikuja na gari la ofisi, nikasimama mbele ya watu nikakushukuru kwa maneno mazuri. Watu walilia. Wewe ulikuwa jikoni unaosha vikombe. Nilijua kwa nini uko jikoni, nikajifanya sijui.

Ningependa kukwambia kwamba naungama bila kutaka kitu. Si kweli. Bado nataka uandike, maana mkamwana amekonda, na juzi nilimwona amelala amesimama, paji la uso kwenye kabati. Lakini hata usipoandika, hili yapasa ulijue nikiwa hai, ili uwe na mtu wa kumkasirikia na si kaburi.

Mama alikosea. Uwezo nilikuwa nao.

Dada yako

---

22 Juni

Mdogo wangu,

Tarishi amepita mara nne, hakusimama kwetu. Nimehesabu siku: barua yangu hukuipata kabla ya jana, kwa hiyo kimya chako huenda ni cha njia. Huenda si cha njia. Na hata ukiniandikia leo, tarehe 30 itakuwa imekwisha kupita.

Hali yangu ni ile ile, ila chakula kigumu sikimezi tena. Mvua zimekatika. Sufuria za mkamwana zimerudi jikoni.

Nimemweleza yote uliyoniuliza na niliyokujibu. Alikuwa ananipaka mafuta miguuni. Hakusimama, alimaliza mguu wa kushoto, akaenda wa kulia. Kisha akauliza, "Na yeye alikuwa na nani wa kumsaidia?" Nikasema hakuwa na mtu. Akasema, "Hm."

Basi nakuondolea mzigo. Usiandike. Nimemwambia mkamwana ajaze ile fomu nyingine, ya nyumba ya wazee, ili afungue saluni kabla wateja hawajamsahau kabisa. Amesema atafikiria. Nyumba ninazozijua zina madirisha ya juu sana. Ukilala huoni kitu isipokuwa anga. Nitazoea.

Uwe salama.

Dada yako

---

11 Julai

Dada,

Nimerudi salama, mgongo ndio unanidai. Barua yako ya tarehe 22 nimeikuta huku chini ya mlango, tulipishana njiani. Paka wawili wamechukuliwa na watu wa zahanati.

Nilikaa kwako siku nne na hatukuzungumza. Tulizungumza dawa, na dari, na kwamba mkono wa gauni lako umeshonwa vibaya. Nilidhani siku ya mwisho nitasema. Nikaishia kulishona upya.

Nilijaza fomu sebuleni mwako, nikaifunga, mkamwana akaipeleka ofisini tarehe 29. Hukuuliza nimeandika nini, nami sikukuonyesha. Sasa nakuandikia, kwa kuwa ni haki yako.

Niliandika: "Mimi ni mdogo wake. Kwa siku nne nimeona. Mkamwana huamka kabla ya saa kumi na moja, akasikiliza kwanza mlangoni kama mgonjwa anapumua, ndipo akawasha moto. Humgeuza ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, na mito anaipanga kwa namna ambayo hakufundishwa na mtu, ameigundua mwenyewe. Mgonjwa humwambia kila mtu kwamba anaoga mwenyewe. Haogi mwenyewe. Akimaliza kulishwa husema hajashiba ili mtunzaji akae kidogo. Mtunzaji anajua, na hukaa. Hajatoka nje ya geti kwa siku zote nne isipokuwa alipofuata dawa, na alikwenda mbio. Mimi nimewahi kuifanya kazi hii miaka tisa. Naijua nikiiona."

Swali la saba nililijibu hivi: "Nilimkata kucha za miguu, siku moja. Kabla ya hapo hakuna."

Unaona, neno lako limeandikika. Halikuniua.

Umeniungamia, nami nina langu, silisemi kwa kukuumiza. Kulikuwa na karani wa mahakama aliyeningoja. Aliniomba asubuhi moja tu kwa wiki, tutembee, tukae mahali kama watu. Sikuwa na asubuhi. Mwaka wa sita akaacha kuomba. Hakuna kosa lake.

Kama nimekusamehe sijui. Nilifikiri nikikuona nitajua. Nilipokuona niliona kwamba wamekulaza vizuri, nikashukuru. Kwa sasa nina hilo tu.

Fundi

---

14 Agosti

Mdogo wangu,

Nakusalimu nikiwa nimelala. Mwandiko huu uliolala nao ni wangu, usidhani nimeandikiwa. Gauni ulilolishona ndilo nililovaa. Mgongo wako upake kitu cha moto, usijifanye kijana.

Tumekubaliwa. Barua ya kamati ilisema, "kwa kuzingatia maelezo ya ndugu." Nimewahi kuziandika barua hizo kwa mamia, na sikuwahi kumfikiria anayezipokea akiwa kitandani.

Nimesoma kuhusu karani wa mahakama. Nimesoma mara nyingi.

Muuguzi msaidizi alikuja Jumatatu ya kwanza, saa mbili kamili, mwanamke mpole mwenye mikono baridi. Mkamwana alivaa nguo ambayo sikuwahi kuiona tangu msiba, akachukua funguo za saluni, akaniaga. Nikasikia geti. Haikupita nusu saa nikasikia geti tena. Muuguzi akachungulia dirishani.

"Mama, yule amekaa kwenye ngazi."

"Anafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Amekaa tu."

Nikamwambia amwache. Alikaa hapo mpaka saa sita muuguzi alipoondoka, ndipo akaingia na kuniuliza nimekula nini. Nikamuuliza habari za saluni. Akasema, "Nilifika nusu ya njia, Mama. Nikawa sijui nitembee haraka au polepole."

Jumatano alifika mpaka saluni, akaishika kufuli, akarudi. Ijumaa akafungua, akafagia. Wiki hii amemsuka mteja mmoja, na amerudi vidole vinanukia mafuta ya nywele. Anaporudi sasa hugonga mlango wa chumba changu kabla ya kuingia, kama mgeni, kisha anajicheka.

Asubuhi hizo tatu mimi huwa na muuguzi. Ananiita bibi. Ananigeuza kwa wakati, hakosei, na hazungumzi. Nalala nikitazama mlango, nami huwaza lile usiloniandikia, maana nimejifunza kwamba usiyoyaandika ndiyo makubwa.

Mama tulimzika Jumamosi. Jumapili nilirudi mjini na gari la ofisi. Jumatatu ulipoamka, hapakuwa na wa kumgeuza wala wa kumsikiliza mlangoni, na siku nzima ilikuwa mbele yako. Ulikwenda wapi, Fundi? Ulikaa kwenye ngazi ipi?

Sikuwahi kukuuliza. Nakuuliza sasa.

Dada yako